Mwaka Nyota Iliporudi Ufutani

"Nyota hairudi nyuma, umeipita wewe."

Bi Mwanaate alisema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka. Mjukuu wake Swabra alikuwa amemaliza kumsengenya rafiki yake wa utotoni. Alisema yeye sasa yuko chuoni, na mwenzake bado anahangaika na masomo ya jioni, na kila akimwona ni kama amerudi nyuma hatua kumi. Nuru, mdogo wake Swabra, alicheka. Bibi hakucheka.

"Nyota gani tena, bibi?" Swabra aliuliza. "Mimi nazungumza habari za watu."

"Na mimi pia. Kaeni. Mmoja ashike upande huu wa ukili, mikono isikae bure. Msemo huu haukuokotwa njiani. Ulizaliwa hapa hapa Ufutani, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi."

Zamani, kabla mashine ya mafuta haijafika pwani yetu, Ufutani ulikuwa mji wa vinu vya ngamia. Kinu chenyewe kilikuwa gogo kubwa lililochimbwa katikati kama chungu. Ndani yake ulisimama mchi mnene, na mchi ulifungwa boriti ndefu. Ngamia aliivuta boriti ile akizunguka tangu asubuhi, na mafuta ya ufuta yakachuruzika polepole hadi kwenye mtungi. Macho yake yalifungwa kitambaa asipate kizunguzungu. Watu wenye utani walisema kitambaa kile ni cha kumzuia asijue kwamba hafiki popote.

Mji ulikuwa na maalim wake, jina lake Maalim Shali, mtu wa miaka sitini na kitu. Alisomesha watoto Kurani, aliswalisha msikitini, na zaidi ya hayo alijua falaki, yaani elimu ya nyota na nyendo zake. Kwa elimu hiyo aliwaambia watu mwezi utaandama lini na wakulima wapande lini. Lakini watu wa Ufutani walimtaka zaidi kwa jambo jingine. Kila mtoto aliyezaliwa mjini alihesabiwa nyota yake kwa jina lake na jina la mama yake, na hapakuwa na posa iliyokubaliwa kabla Maalim hajazitazama nyota mbili za vijana.

Maalim Shali hakuwa tapeli. Kabla ya kukifungua kitabu alichoachiwa na mwalimu wake, alitia udhu akaswali rakaa mbili. Hakutaja ujira. Aliyempa chupa ya mafuta alimwombea dua, na asiyempa kitu alimwombea dua ile ile.

Mwaka mmoja Mshamu Kupi, kijana mwenye kinu kimoja na ngamia mmoja, alimposa Somoe binti Famau. Huyo Famau alikuwa na vinu vitatu na nyumba ya mawe. Watu wakaenda kwa Maalim, naye akapiga hesabu. Nyota ya Mshamu ilikuwa Mirihi, ile nyekundu.

Mirihi si kama nyota nyingi. Nyota nyingi hukaa mahali pake mwaka hata mwaka, kila moja na jirani yake. Mirihi ni miongoni mwa zile chache zinazotembea kati ya wenzao, usiku huu hapa, wiki ijayo pale, kwa kawaida kuelekea mashariki. Mwaka ule ilikuwa imekipita Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wakulima wetu hulitazamia, na ilizidi kusonga mbele. Maalim alisema, "Nyota ya kijana inakwenda vizuri." Basi posa ikakubaliwa. Sinia la Mshamu likapokewa nyumbani kwa Famau, na juu yake zilikuwamo kanga, udi, pete, na marashi ya kutosha mtaa mzima.

Haukupita mwezi, Mirihi ikasimama.

Watu waliotoka kuswali Isha walisimama uani mwa msikiti, shingo juu, wakihesabu siku. Nyota haikusogea. Kisha ikageuka na kuanza kurudi ilikotoka, kuelekea Kilimia, na kila usiku ilizidi kuwa kubwa na nyekundu, kama kaa la moto linalopulizwa.

Wanafalaki walikuwa na neno kwa jambo hilo. Waliliita rejea. Katika kitabu cha Maalim palikuwa na mstari mmoja juu yake: posa iliyokutwa na rejea huvunjwa, wala haifungwi tena. Famau alipokuja kuuliza, Maalim alimsomea mstari huo kama ulivyoandikwa.

"Basi," Famau alisema, "Ijumaa baada ya Alasiri tutamrudishia sinia lake."

Alilisema upesi. Maalim aliona uso wake umetulia, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Jambo hilo lilimkera kidogo, lakini hakuuliza.

Siku ya Jumatano Somoe mwenyewe alipiga hodi kwa Maalim, amejitanda kanga hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, mke wangu yuko jikoni."

"Sikai. Nimekuja kuuliza neno moja." Alitazama chini. "Nyota ikirudi, inarudi kwa kosa gani?"

"Kosa?"

"Ndiyo. Mshamu hajabadilika. Jana alikuwa vile alivyokuwa mwezi uliopita. Anaamka alfajiri, anaswali, anamfunga ngamia wake. Mama yake anakula, wadogo zake wanakula. Sasa naambiwa amerudi nyuma. Nimekaa nikitafuta alirudi siku gani, siioni. Nikasema labda Maalim ameiona."

Maalim Shali alikigeukia kitabu chake. Alizoea kuulizwa lini na wapi. Kwa nini, hakuwa ameulizwa hata siku moja.

"Somoe, hivyo ndivyo kitabu kinavyosema."

"Ahsante Maalim," binti alisema kwa adabu, na ile adabu ilimchoma kuliko tusi.

Siku mbili hizo Maalim hakukigusa kitabu chake. Kila baada ya swala alibaki juu ya mswala wake, akaomba kwa unyonge: "Mola wangu, kama nimesema lisilo kweli kwa jina la elimu uliyonipa, nionyeshe mahali nilipojikwaa. Usimwadhibu binti wa watu kwa ujinga wangu." Alingoja aoteshwe ndoto. Hakuota kitu. Asubuhi ya Ijumaa mkewe, Bi Tatu, alimsimamia mlangoni na chupa tupu.

"Mafuta ya kuwashia taa yamekwisha, na ya kupikia yamekwisha. Nyota zako zinaangaza mji mzima isipokuwa jiko langu."

Maalim alichukua chupa. Vinu vya Famau vilikuwa vimefungwa siku hiyo kwa sababu ya shughuli ya sinia. Kilichobaki kilikuwa kinu cha Mshamu. Aliona aibu kwenda, na mafuta hayakuwa mahali pengine.

Kinu cha Mshamu kilikuwa juu ya kilima kidogo nje ya mji, chini ya paa la makuti lisilo na kuta, hivi kwamba ukisimama pale unaona mbali pande zote. Ngamia alikuwa akizunguka kwa mwendo wake wa kivivu. Mshamu naye alikuwa ndani ya duara, karibu na kinu, akizunguka kwa haraka zaidi huku akiusukuma ufuta chini ya mchi kwa kijiti. Kila alipomfikia ngamia, aliinama akapita chini ya boriti na kuendelea.

"Karibu Maalim," alisema bila kusimama. "Ufuta ukishaanza kusagika hauachwi. Chupa iweke pale, nitakujazia."

"Mshamu, mwanangu, najua unanichukia."

"Sikuchukii. Sinia ni langu, acha lirudi." Alizunguka mara moja, akainama chini ya boriti, akatokea tena. "Ila nataka kukuuliza, maana wewe umesoma na mimi sikusoma. Hiyo Mirihi inarudi kweli, au inaonekana kurudi?"

"Inarudi. Kila mwenye macho anaiona."

"Na mimi ngamia wangu namwona akirudi kila siku."

Maalim alidhani kijana amechanganyikiwa kwa huzuni. Alimtazama ngamia. Ngamia alikuwa akienda mbele, ukwato mmoja baada ya mwingine.

"Harudi hata kidogo," alisema.

"Ukiwa hapo nje, harudi. Ingia huku ndani nilipo. Shika kijiti, utembee upesi kuliko yeye, na usitazame miguu yake. Tazama nundu yake na vilivyo nyuma yake kule mbali."

Maalim Shali alivua viatu, akapandisha kanzu, akaingia. Alitembea. Ngamia alipokuwa ng'ambo ya kinu, nundu yake ilikatiza mandhari vizuri tu, ikipita mnara wa msikiti, kisha minazi mitatu, kisha paa la Famau. Maalim aliongeza hatua. Alipoanza kumkaribia ngamia kutoka nyuma, nundu ilipunguza mwendo. Ikasimama kabisa mbele ya lile paa. Na alipokuwa sambamba naye, nundu ikaliacha paa na kurudi kuelekea minazi.

Aliduwaa, akasahau kuinama. Boriti ikamgonga kilemba kikaanguka.

"Pole Maalim. Hapo kila mtu hugongwa mara ya kwanza."

"Amerudi," Maalim alisema. "Nimemwona kwa macho yangu amerudi."

"Endelea kidogo. Ukishamwacha nyuma yako kabisa, utamwona anakwenda mbele tena. Na wakati wote huo hakugeuka hata ukwato. Nilipoanza kazi hii nilidhani nina ugonjwa wa kichwa."

Maalim alizunguka tena. Alizunguka mara tano, mara sita, akisahau chupa, akisahau umri wake. Mwaka uliopita mwalimu mmoja wa shule, mpita njia, alimwambia kwamba dunia nayo hutembea kulizunguka jua, na Mirihi hulizunguka jua kwa njia ya nje zaidi, tena kwa mwendo wa polepole. Maalim alimkaribisha kahawa na kuyaacha maneno yake mlangoni. Sasa yalikuja yenyewe na kuketi. Kinu hiki ni jua. Ngamia ni Mirihi, huko nje. Na huyu mzee anayehema kwenye njia ya ndani, ni sisi.

Alisimama akashika nguzo.

"Mshamu, niambie jambo moja. Unapomwona anarudi, ni wakati gani anakuwa karibu nawe?"

"Ni hapo hapo anaporudi. Naweza kumgusa ubavu. Anajaa machoni pote."

Maalim Shali aliinama akaokota kilemba chake polepole. Miaka arobaini alikuwa ameona Mirihi ikiwa kubwa na nyekundu kila inaporudi, na miaka arobaini aliita hiyo ghadhabu ya nyota. Kumbe ilikuwa ukaribu. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Alisema alhamdulillahi mara tatu, akaondoka bila mafuta.

Siku hiyo baada ya swala ya Ijumaa, kabla watu hawajatawanyika, Maalim alisimama mbele yao. Aliwaeleza alivyomwona ngamia wa Mshamu kinuni, akasema kwamba nyota ya Mshamu haikurudi, kwamba mstari alioutegemea hauna msingi, na kwamba posa zote alizopata kuzivunja kwa mstari ule zilivunjwa kwa kosa lake. Aliwataka radhi.

Mtu mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Maalim, na mke wangu uliyesema nyota yake ni ya maji? Mbona kwangu ni moto mtupu?" Watu wakacheka, na Maalim akavumilia kicheko hicho kwa sababu aliona amekistahili.

Famau hakucheka. Alitoka, na Maalim akamfuata hadi kizingitini kwake. Ndani wanawake walikuwa wakilifunika sinia kwa kitambaa chekundu.

"Umenivunjia heshima, Maalim," Famau alisema. "Leo unasema hivi, kesho vile. Mwezi uliopita ulisema nyota inakwenda."

"Ilikuwa inakwenda. Na sasa inakwenda. Mimi ndiye sikujua kwamba na sisi tunakwenda."

"Sawa. Basi tuiache nyota." Famau alishusha sauti. "Nitakwambia la moyoni. Mimi na Kupi, babake Mshamu, Mungu amrehemu, tulianza na ngamia mmoja kati yetu wawili. Leo nina vinu vitatu. Mtoto wake ana kile kile kimoja. Kila mwaka nikimtazama namwona yuko nyuma zaidi. Sikuhitaji Mirihi kuniambia. Mirihi ilinisaidia tu kulisema."

Sasa Maalim alielewa ule utulivu wa uso siku ile.

"Kupi alikufa lini?" aliuliza.

"Mwaka wa njaa. Wajua."

"Alimwachia Mshamu nini?"

"Kinu. Mama mgonjwa. Wadogo wanne."

"Wadogo hao wako wapi leo?"

Famau alisita. "Wawili wameolewa. Yule wa kiume anafundisha shule bara. Wa mwisho bado anasoma."

"Na mama?"

"Ni mzima. Jana nimemwona sokoni."

"Mtu ambaye anarudi nyuma amewapeleka watu watano wote hao mbele kwa njia gani, Famau?"

Famau alitazama mikono yake, kisha akainama akavaa viatu. "Huyo ngamia wako wa miujiza," alisema kwa uchungu kidogo, "tukamtazame. Sitaki kuambiwa niliogopa kutazama."

Walifika kilimani Alasiri imekwisha kuswaliwa. Mshamu alikuwa akimalizia ufuta wa asubuhi. Alipomwona Famau, alisimama wima.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Nipe kijiti."

Famau aliingia ndani ya duara. Alikuwa mtu mnene na mwenye haraka kwa tabia, naye alitembea kama anavyotembea sokoni, kifua mbele. Aliiona nundu ikisimama. Aliiona ikirudi. Aliinama chini ya boriti, maana ujana wake wote ulipita chini ya boriti kama ile, na mgongo ulikuwa haujasahau. Alizunguka tena na tena. Watoto wa jirani walikusanyika kumwona tajiri wa Ufutani akishindana na ngamia.

Mara ya saba pumzi ilimwishia. Alisimama, mkono kiunoni, jasho likimdondoka. Na alipokuwa amesimama hivyo, ngamia alitokea nyuma yake kwa mwendo ule ule wa tangu asubuhi, akamfikia, boriti ikamlazimu Famau kujikunja, kisha mnyama akampita na kwenda zake. Hakuwa ameongeza hatua wala kupunguza.

Famau alibaki amejikunja muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo wanawake walipofika, wakiongozwa na shangazi yake Somoe, Bi Aziza, sinia jekundu likiwa kichwani.

"Haya, Baba Somoe," Bi Aziza alisema, "tumekuja kama tulivyoagizwa. Sinia tuliweke wapi?"

Famau alijinyoosha. "Rudini nalo nyumbani. Kanga zilizomo mpeni Somoe avae."

"Ee! Na nyota? Si ilirudi nyuma, mji mzima umeona?"

"Nyota hairudi nyuma, Aziza," Famau alisema, akihema. "Nimeipita mimi."

Kisha akamgeukia Mshamu, ambaye alikuwa bado hajui afanye nini na mikono yake. "Baba yako alikuwa akinisubiri kila nilipochoka," alimwambia. "Mimi sikukusubiri wewe. Nisamehe."

"Ami, wewe ni baba," Mshamu alisema.

Walioana wiki iliyofuata, Mirihi ikiwa ingali inarudi, kubwa na nyekundu juu ya paa la harusi. Wageni waliitazama bila hofu. Baadaye ikasimama, ikageuka, ikaendelea na safari yake ya mashariki, kama Maalim alivyowaambia. Maalim Shali mwenyewe hakutazamia tena nyota za posa. Aliyemjia na majina mawili alimwambia aende akaulize majirani tabia ya kijana, kisha aswali. Chupa za mafuta zilipungua nyumbani kwake, na Bi Tatu alilalamika, lakini mumewe alilala usingizi mzuri.

Na watu waliokuwapo kilimani siku ile walilichukua neno la Famau wakaenda nalo mjini. Mtu alipomsema ndugu yake kwamba amechelewa maishani, amezorota, amerudi alikotoka, walimnyooshea kidole. Yule anayemwona mwenzake akirudi, aulize kwanza yeye mwenyewe anakwenda kwa mwendo gani, na ni nani aliyemfungulia njia fupi ya ndani. Huenda yule mwingine hajageuka hata ukwato, anabeba mzigo wake katika njia ndefu aliyopangiwa na Mola, na wakati anapodhaniwa kuwa mbali kabisa ndipo alipo karibu, kiasi cha kuguswa kwa mkono.

Nyota hairudi nyuma, umeipita wewe.